Friji ya Merv Haikai na Moto

LAURIE: Haloo? Nani mwenzangu?

GLENYS: Laurie, ni mimi. Shemeji yako.

LAURIE: Glenys? Mbona unasikika kama uko ndani ya pipa? Mko wapi?

GLENYS: Huku Queensland, njia ya Winton. Tumeegesha gari na karavani yetu, nyumba ya magurudumu, kando ya barabara, hapa wanapopumzikia wasafiri. Hujambo lakini? Bendigo kwema?

LAURIE: Kwema, mvua tu. Bado mko huko? Wastaafu wenzenu wote wameshakimbia joto, nyie ndiyo kwanza mnalifuata.

GLENYS: Tulichelewa kidogo. Laurie, mtandao wa hapa ni wa kubahatisha, nimepanda juu ya meza ya zege ndiyo nakupata. Friji imekufa.

LAURIE: Ya karavani? Mpe Merv simu.

GLENYS: Amejilaza.

LAURIE: Mwamshe. Ile friji anaijua kuliko anavyonijua mimi mdogo wake.

GLENYS: Niambie mimi tu, shemeji.

LAURIE: Haya. Ilikuwa inatumia nini? Gesi au—

GLENYS: Betri ya gari.

LAURIE: Mkiwa mnatembea.

GLENYS: Hapana. [mikwaruzo] Tukiwa tumesimama. Usiku kucha.

LAURIE: Injini imezimwa, friji inanyonya betri mpaka asubuhi? Nani kaiacha hivyo?

GLENYS: Imesahaulika.

LAURIE: Na gari?

GLENYS: Haliwaki. Ukigeuza ufunguo linasema tk, basi.

LAURIE: Glenys. Merv alinifukuza kwenye hiyo karavani kule Mildura kwa kosa hilohilo. Alinisema mbele ya wanangu mpaka nikaenda kulala kwenye hema. Leo asahau yeye?

GLENYS: Mtu huchoka, Laurie.

LAURIE: Sawa. Mna nini ndani? Kama ni nyama, choma yote mle.

GLENYS: Nyama nimeshaitupa kwa kunguru. Insulini yangu imo. Yote ya safari. Na hapa joto limepita arobaini.

LAURIE: Si ungeanza na hilo.

GLENYS: Ningeanza nalo ungepaniki.

LAURIE: Sijapaniki. Itoe humo kwanza. Friji iliyokufa kwenye joto hilo ni kama tanuri. Tia chupa zako kwenye mfuko usiopitisha maji, zungushia taulo mbichi, ning'iniza kivulini upepo unapopita. Taulo likikauka, lowesha.

GLENYS: Nimeshafanya. Mama yangu alikuwa anahifadhi siagi hivyo.

LAURIE: Vizuri. Sasa tuiwashe kwa gesi. Karavani imekaa sawa? Friji ya aina hiyo ikiinama haipozi, hata uiombee.

GLENYS: Nimeweka pimamaji ya Merv sakafuni. Nimetia ubao chini ya gurudumu la kushoto. Iko sawa.

LAURIE: Peke yako umeweka ubao?

GLENYS: Peke yangu.

LAURIE: Haya. Nyuma, kwa nje, kuna kifuniko chenye matundu ya hewa. Kitoe uangalie—

GLENYS: Nimetoa. Nyigu walijenga kwa udongo pale moto unapowakia. Nimesugua kwa mswaki, nimepuliza. Pasafi sasa. Laurie, inawaka. Hilo ndilo linalonitia wazimu. Inawaka, nakiona kimoto cha buluu kwenye kile kidirisha, nashukuru Mungu, halafu nikirudi kimezimika.

LAURIE: Kinazimika hapohapo ukiachia kitufe?

GLENYS: Hapana. Kinakaa. Nakwenda kulowesha taulo, nikirudi hakuna.

LAURIE: Basi si upepo, wala si kitufe. Gesi inaisha?

GLENYS: Mtungi mzito, umejaa.

LAURIE: Nenda ukawashe tena, mimi nipo. Usikate.

GLENYS: Nakuacha hapa mezani.

[mikwaruzo, mlango wa karavani, mluzi wa mwanamume, wimbo wa dansi la zamani, unakaribia na kupita]

LAURIE: Haloo? Merv? Merv, ni Laurie huku. Njoo kwenye simu, bwana. Merv?

[mluzi unaondoka]

GLENYS: Nimerudi. Imewaka.

LAURIE: Nani alikuwa anapiga mluzi?

GLENYS: Wapi?

LAURIE: Umesema Merv amejilaza. Amepita hapo kwenye simu. Nimemwita kwa jina.

GLENYS: Hakusikia.

LAURIE: Yuko wapi sasa hivi?

GLENYS: Yuko... mbele ya karavani. Pale kwenye— Ngoja.

LAURIE: Glenys?

GLENYS: [kwa mbali] Merv, mpenzi, acha hiyo. Acha, nakuomba. Hatuendi popote. [mikwaruzo] Ndiyo, najua. Najua, umesema.

LAURIE: Glenys, kuna nini?

GLENYS: [anahema] Ni yeye. Anafunga mtungi. Kila nikiwasha, anazunguka anafunga. Anasema hatuwezi kung'oa karavani tuondoke gesi ikiwa wazi.

LAURIE: Lakini hamng'oi.

GLENYS: Yeye anang'oa. Tangu asubuhi anang'oa. Amekunja viti, amefunga madirisha, ameangalia taa za nyuma. Kila kitu sawasawa, kwa utaratibu wake uleule. Akimaliza anaanza upya.

LAURIE: [anavuta kiti, anakaa]

GLENYS: Laurie? Upo?

LAURIE: Nipo. Tangu lini?

GLENYS: Ni joto tu. Akipata usingizi mzuri—

LAURIE: Shemeji. Tangu lini?

GLENYS: Krismasi alimwita Tamsin, binti yake mwenyewe, kwa jina la dada yenu. Tukacheka wote, unakumbuka. Wewe ulicheka zaidi.

LAURIE: Nakumbuka.

GLENYS: Nilidhani nikimleta huku, kwenye barabara zake... Na alikuwa mzima kabisa, Laurie, nakuapia. Aliendesha vizuri. Halafu kule Longreach akakunja njia siyo, tukazunguka, tukazunguka, mafuta yanakwisha, yeye anaimba. Ndiyo maana tumechelewa.

LAURIE: Tamsin anajua?

GLENYS: Namwambia baba yake anavua samaki.

LAURIE: Hakuna gari linalopita hapo?

GLENYS: Malori ya ng'ombe. Hayasimami. Moja lilipunguza mwendo, Merv akampungia dereva mkono kuwa tuko salama. Likaenda.

LAURIE: Basi nawapigia polisi wa Winton sasa hivi.

GLENYS: Usipige.

LAURIE: Glenys—

GLENYS: Wakija watamwuliza maswali. Leo siku gani, tuko jimbo gani. Watachukua leseni yake hapohapo, mbele yangu. Ukimnyang'anya Merv usukani umembakizia nini? Tafuta fundi, tafuta mtu yeyote mwenye betri.

LAURIE: Shemeji, niko upande wa pili wa nchi. Nina simu na mikono mitupu. Ukianguka hapo kwa kukosa dawa, nani atamwangalia? Yeye ndiye atakayepiga simu?

GLENYS: Laurie—

LAURIE: Atampigia nani?

GLENYS: Usiniulize hivyo.

LAURIE: Nakuuliza kwa sababu sijui la kufanya jingine.

GLENYS: [analia taratibu, mikwaruzo] Simu inakwisha chaji. Imeshaonyesha nyekundu.

LAURIE: Nipige?

GLENYS: Piga. Waambie waje na sauti ya chini. Wasimwite mgonjwa. Wamwite Bwana Merv.

LAURIE: Nitawaambia. Yuko wapi sasa?

GLENYS: Ameingia kwenye gari. Amevaa kofia, amefunga mkanda. Ananipungia nipande.

LAURIE: Gari liko juani?

GLENYS: Kivulini, jua limeshageuka. Milango iko wazi.

LAURIE: Basi nisikilize haraka. Fungua mtungi, washa friji, chungulia moto. Halafu beba maji, ukapande. Kaa naye.

GLENYS: Laurie, gari ni bovu.

LAURIE: Najua. Mwache aendeshe. Akiwa kwenye usukani hatakwenda kwenye mtungi.

GLENYS: Na akigeuza ufunguo?

LAURIE: Litasema tk. Wewe mwulize njia. Mwulize mnapita wapi, ataeleza yote. Usimbishie. Kaa hapo mpaka—

GLENYS: Unakatika.

LAURIE: Mpaka wafike. Glenys? Kunywa maji na we—

GLENYS: Ananiita. Nakuja, Merv, nakuja, naangalia gesi tu. Kwa heri, shemeji. Piga. Usinisahau, piga sa—

LAURIE: Haloo? Glenys? [simu imekatika] Haloo?