Mapigo na Gitaa Lililokataa Kunyamaza

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti. Aliye jikoni apunguze moto, aje. Leo nina habari ya msiba, lakini nawaambia ukweli: tangu asubuhi nimeshindwa kutulia, na si kwa majonzi peke yake. Nina furaha imenijaa kifuani kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Msinishangae. Nipeni muda, mtanielewa.

Tunamkumbuka mpiga gitaa. Ametutoka Jumatatu asubuhi, nyumbani kwake, mkewe akiwa kando yake. Watu wote walimwita Mapigo. Alipiga gitaa katika bendi ya dansi, na bendi ilipovunjika akawa fundi wa kutengeneza cherehani. Kwa aliyechelewa kuwasha redio, narudia: mpiga gitaa, kisha fundi wa kutengeneza cherehani. Mapigo.

Wengi wenu mtasema hamumjui. Mnamjua! Kama mliiona ile filamu ya ukumbi wa dansi, iliyojaza majumba ya sinema mpaka watu wakakaa kwenye ngazi, basi mmemsikia. Subirini, nitawafikisha huko.

Kwanza tuuelewe muziki wenyewe. Bendi yake ilipiga jazi ya swingi, na huo ni muziki wa bendi kubwa. Tarumbeta zinawaka mbele. Saksofoni zimepangwa mstari kama wanafunzi wa paredi. Kuna piano, kuna besi, kuna ngoma. Na nyuma kabisa kuna gitaa. Si hili la siku hizi la kuchomeka kwenye umeme. Ni gitaa la mbao, lenye tumbo kubwa, na kazi yake ni moja tu: mapigo manne, tena manne, mpaka wimbo uishe. Cha, cha, cha, cha. Haliimbi. Halijitapi. Linawatembeza wenzake. Mcheza dansi halisikii masikioni, analisikia kwenye nyayo.

Basi hapo ndipo kesi ya Mapigo na mkewe ilipoanzia.

Mkewe alinipokea juzi sebuleni kwake, kanga kichwani, macho yamevimba, lakini mdomo wake bado ni ule ule. Akaniambia, "Dada yangu, nilikwenda ukumbini kucheza. Nikaona kijana mwembamba kajificha nyuma ya saksofoni. Mkono unakwenda juu chini, juu chini, sauti sisikii. Nikamwambia mwenzangu, yule wamemweka pale kujaza kiti. Mwaka haukwisha, nikaolewa na mjaza kiti!"

Tulicheka, wasikilizaji. Tulicheka matangani, na waombolezaji wote wakageuka kututazama.

Utani ule ulidumu maisha yao yote ya ndoa. Mapigo akishika gitaa nyumbani, mkewe anauliza, "Baba watoto, unapiga au unalifuta vumbi?" Mapigo anacheka. Wageni wanacheka. Lakini binti yao, ambaye ni muuguzi, aliniambia jambo. Siku moja baba yake alimvuta pembeni akamuuliza, "Hivi mama yako ananitania, au ni kweli hajawahi kunisikia?"

Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Mtu huyu hakutaka umaarufu. Alitaka mkewe amsikie. Hata mara moja.

Kuna jambo jingine nataka mlijue kabla hatujafika kwenye filamu. Kiongozi wa bendi yao alikuwa na sharti. Tarumbeta zikichoka, zipumzike. Mwimbaji akitaka maji, akanywe. Lakini gitaa halinyamazi maadamu kuna jozi moja bado inacheza. Alikuwa akiwaambia, "Usimwache mtu amenyanyua mguu, ukamnyima pa kuushushia." Mapigo alikulia katika sharti hilo. Lilimwingia mwilini kama kupumua.

Kisha mambo yakabadilika. Magitaa ya umeme yakaja, bendi kubwa zikavunjika, ukumbi ukageuzwa ghala la magodoro. Mapigo hakulalamika. Alifungua kibanda cha kutengeneza cherehani, akaliweka gitaa lake kwenye ndoano, juu ya meza.

Na hebu sikilizeni alivyokuwa akifanya kazi. Akimaliza kutengeneza cherehani, anamwita mwenye nayo. "Kaa, kanyaga. Usikimbie, kanyaga kama unatembea." Mteja anakanyaga, sindano inaanza kushona. Mapigo anashusha gitaa na kupiga mapigo yake manne sambamba na sindano. Kama mashine ina hitilafu, sindano inajikwaa, na yeye anaisikia. "Simama. Mkanda huu bado." Wateja walizoea. Wapo waliokuja na cherehani isiyo na ubovu wowote, ili wakae tu pale wakanyage.

Siku moja akaingia mama mmoja na cherehani mbovu na haraka nyingi. Alikuwa mshonaji wa mavazi ya filamu. Walikuwa wanatengeneza filamu ya siku zile za kumbi za dansi, na magauni hayajakwisha. Mapigo akatengeneza mashine, akamkalisha, akamwambia kanyaga. Akashusha gitaa. Cha, cha, cha, cha.

Yule mama akaacha kukanyaga.

"Baba, hicho unachopiga ni nini?"

"Napima mashine."

"Mashine gani! Wewe, baba, usiondoke hapa. Ukiondoka tutagombana!"

Akatoka mbio, cherehani kaiacha. Alirudi na mtunzi wa muziki wa ile filamu, dada kijana mwenye miwani, amechoka kabisa. Alikuwa ameshajaribu wapiga gitaa wengi. Wote hodari, vidole vinaruka, lakini kila akiwasikiliza bendi ilikaa tu, haikutembea. Alimsikiliza Mapigo akiwa amesimama mlangoni. Kisha akakaa chini, sakafuni, kwenye vipande vya nyuzi na mafuta ya mashine. Akasema, "Baba, nakuomba." Mapigo alilikumbuka ombi lile hadi mwisho. Alisema dada yule angeweza kumwamuru, lakini alimwomba.

Alirudi nyumbani anaruka. "Mama watoto, naingia kwenye filamu!"

"Kama nani? Mjaza kiti?"

"Kama mpiga gitaa!"

"Haya. Safari hii labda nitakusikia."

Wasikilizaji wapendwa, mnaona? Neno la utani. Mapigo hakulala vizuri.

Siku ya kurekodi ikafika. Studio ina ukuta mweupe, na filamu inaoneshwa pale ukutani ili bendi ipige ikiitazama. Tarumbeta zikapangwa. Saksofoni zikapangwa. Mpiga tarumbeta mmoja akamwona mzee amesimama, akamletea kiti chake mwenyewe, chenye mto. Fundi sauti akaja na waya. "Mzee, tukuchomeke kwenye spika, usikike."

Moyo wa Mapigo ulitaka kusema ndiyo. Fikirieni! Kusikika ndicho alichokuwa akikitafuta maisha yake yote. Lakini akatikisa kichwa. "Mwanangu, ukilichomeka si gitaa la siku zile tena. Liache lilivyo." Na alijua amejifungia mlango mwenyewe. Aliziona zile tarumbeta. Alijua mkewe atakwenda sinema, na atarudi na maneno yale yale.

Wakaanza. Bendi ikawaka! Dada wa miwani anaongoza kwa mikono miwili. Ukutani watu wanacheza, magauni yanazunguka. Wimbo ukafika mwisho wake, dada akakata kwa mkono, chap! Tarumbeta kimya. Ngoma kimya. Piano kimya.

Gitaa likaendelea.

Cha, cha, cha, cha.

Mapigo hakuwa akimtazama dada. Alikuwa akitazama ukuta. Na ukutani, wasikilizaji wapendwa, wachezaji wote walikuwa wameondoka, isipokuwa bwana mmoja na bibi mmoja, watu wazima, bado wanazunguka taratibu katikati ya ukumbi. Sasa kwa mtu kama Mapigo, aliyelelewa katika sharti lile, atanyamazaje? Jozi iko sakafuni! Aliwasindikiza hatua kwa hatua. Bibi akilegea, gitaa linalegea. Bwana akigeuka, gitaa linageuka naye. Mpaka wakaachiana mikono. Ndipo akalilaza gitaa mapajani, akagundua studio nzima inamtazama yeye.

"Jamani," akasema, "nisameheni. Nimeharibu."

Dada wa miwani alikuwa analia. Fundi sauti, kijana yule wa waya, hakuwa amezima mitambo. Aliniambia mwenyewe, "Bibi, nilikuwa nimeondoa mikono yangu yote kwenye meza. Niliogopa hata kumeza mate."

Lakini msifurahi bado! Mwongozaji wa filamu hakuwepo siku ile, na uamuzi ulikuwa wake. Sehemu ile ya jozi ya mwisho haikuwa imepangwa kuwa na muziki. Akitaka, atabakiza gitaa. Akitaka, atalikata. Hakuna aliyemwambia Mapigo lolote. Na Mapigo naye hakumwambia mkewe lolote. Mvua zikaja, zikaisha. Binti yake alimwona mara nyingi kibandani amekaa na gitaa mapajani, hapigi. "Baba, vipi?" "Nasubiri tu, mwanangu."

Ikafika siku ya kuonesha filamu kwa mara ya kwanza. Yule mama mshonaji, Mungu ambariki, alimshonea mke wa Mapigo gauni kwa kitambaa kilichobaki cha magauni ya wachezaji. Hakuna aliyemtuma. Akaja nao, akawakalisha viti vya katikati.

Taa zikazimwa. Filamu ikaenda. Ukafika wimbo wa ukumbini, tarumbeta zikawaka, watu wakaanza kugonga miguu. Mkewe akamchoma kwa kiwiko. "Haya, mjaza kiti. Uko wapi hapo?"

Mapigo anatazama pazia. Ameshika magoti yake.

Tarumbeta zikakata. Ukumbi wa sinema ukanyamaza. Pale kwenye pazia, bwana na bibi wanazunguka.

Cha, cha, cha, cha.

Lilibaki, wasikilizaji wapendwa! Walilibakiza! Gitaa peke yake, bila tarumbeta, bila umeme, limejaa jumba zima. Unasikia mbao. Unasikia kidole kinavyohama kwenye uzi. Binti yao alikuwa nyuma yao, na haya ndiyo aliyoyaona. Mama yake alisogea mbele kitini. Akaweka mkono kifuani. Baba yake akamwinamia sikioni, furaha imemshinda, akaanza kusema, "Mama watoto, unasikia? Huyo ni..."

Na mama akamnyamazisha kwa kidole, bila kumtazama.

"Shh! Hebu nyamaza, baba. Namsikiliza mume wangu."

Wasikilizaji wapendwa, nimefanya kazi hii ya redio mpaka nimeota mvi, na sijawahi kusikia sentensi iliyonichangamsha kama hiyo. Ndiyo maana leo nimekuja na msiba huku natabasamu. Mapigo aliishi miaka mingine mingi baada ya usiku ule, na kwa maneno ya mkewe, "Alinenepa."

Kwako wewe mke wa Mapigo, pole sana, dada yangu. Pole binti yetu muuguzi, na wajukuu wote. Poleni wenye cherehani mliozoea kukanyaga pale kibandani. Mungu ampumzishe mahali pema.

Na sisi tuliobaki, tutazame nyumbani kwetu. Kila nyumba ina mtu mmoja anayewatembeza wengine, na kelele zetu zinamfunika. Pengine ni anayeamka kwanza. Pengine ni anayefunga mlango baada ya wote kulala. Leo mkalie karibu. Mwambie kwa mdomo wako kwamba unamsikia, wakati bado yu hai, na masikio yake yanafanya kazi.

Sasa, fundi mitambo wangu, tuwekee wimbo wenyewe, wote, usiukate. Wasikilizaji wapendwa, zitaanza tarumbeta. Chezeni, mkitaka. Kisha zitanyamaza ghafla, na mtadhani redio imeharibika. Msiiguse. Ndipo anapoingia Mapigo.