Ada ya Kufufua Mkataba

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la mbele ya kinyozi, kahawa ilipoa vikombeni kwa sababu ya karatasi moja. Aliyeishika ni Sindano, fundi cherehani. Miaka sita amelala na kushona katika chumba namba nne. Sasa dalali wa mwenye nyumba kamletea mkataba mpya: alipe ada ya kuhuisha, na amana aiweke upya, kwa kuwa ile ya mwanzo “imekwisha pamoja na mkataba”. Mwisho leo. Asipolipa, atoke.

— Imekwisha vipi? Sindano alifoka. Amana ni sabuni?

— Twende neno kwa neno, alisema kinyozi, waliyemwita Kamusi kwa kupenda kueleza maneno, hata asiyoyajua. Kuhuisha ni kutia uhai. Kwa hiyo mkataba wako ulikufa.

— Ulikufa lini?

— Tarehe thelathini. Wewe ulikuwa unapunguza suruali za watu.

— Na amana yangu?

— Ndiyo sanda. Umeona wapi sanda ikarudishwa dukani?

Breki, aliyestaafu udereva lakini hajastaafu kubisha, aliruka juu.

— Muongo! Amana inaliwa na ukuta. Mimi nilipohama walikata ya rangi, ya kitasa na ya ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta!

— Ufa wa kwangu nimeukuta, Breki! Naingia, upo!

— Methali haijasema ufa wa nani.

— Tena niwaambie, Kamusi alishusha sauti. Huyo mwenye nyumba nani kamwona? Alishakufa zamani. Dalali anamhuisha yeye, kila mwaka, kwa ada zetu.

— Ndiyo maana hapokei simu! alidakia Breki.

Wakacheka mpaka Breki akapaliwa. Sindano hakucheka. Kule chumbani kulikuwa na sare za shule zisizotiwa vifungo, zimejaa mpaka juu ya kabati, na mkewe na kichanga cha siku tisa. Aliwachukia wote kwa dakika ile, na benchi lao, na methali zao.

— Chekeni! Mimi nakwenda wapi na mzazi? Amana ni kitu cha mtu. Ukiwekeshwa, unarudisha. Hata mwizi anajua maana ya amana!

— Mwizi ndiye anayeijua sana, alisema Breki.

— Silipi, na sitoki! Aje na mabavu yake, atanikuta na mkasi mkononi!

— Hapo umenena, ndugu yangu, alisema Kamusi. Subira huvuta heri.

Dada mmoja alikuwa amesimama mbele yao, begi la nguo begani, ndoo yenye masufuria mkononi.

— Shikamooni. Samahani, nyumba yenye chumba namba nne ni ipi? Dalali kasema niulize kwa kinyozi.

Sindano aliikunja ile karatasi yake.

— Namba nne ina watu, alisema Sindano.

— Kaniambia wanahama leo. Mbona nimeshalipa jana, kodi, ada ya mkataba na amana?

Jana! Na yeye kapewa mpaka leo. Sindano aliinuka, tusi limemfika mdomoni, dada akamnyooshea stakabadhi kwa mikono miwili, kama anayemwonyesha mwalimu daftari. Mwandiko ulikuwa ule ule wa stakabadhi yake ya miaka sita nyuma. Tusi likamkwama.

— Hicho chumba ni changu mimi, dada. Mke wangu yumo ndani na mtoto mchanga.

Dada akaiweka ndoo chini.

— Masikini. Basi siwezi kumtoa mzazi. Ngoja nikachukue amana yangu, nitafute kwingine. Amana si hurudishwa?

Kamusi alianza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Breki akainamia kikombe. Dada akamgeukia Sindano, akamuuliza tena, polepole, akidhani hawakumsikia.