Kilima Tulichokiandika Makaburi

Benchi letu la kahawa liko barazani kwa Fazal mwenye duka, upande huu wa Segese, mahali ambapo vumbi la pamba na vumbi la mwamba hukutana ndani ya kikombe. Mwaka ni themanini na sita. Mimi nina digrii ya Mlimani na sina kazi, kwa hiyo nafasi yangu kwenye benchi ni permanent and pensionable. Wenzangu ni Jilala, tunayemwita Ramani kwa sababu ndiye mwenyekiti wa kamati ya mpango wa ardhi wa kijiji, na Selestine, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Asubuhi hiyo hakuna aliyemtania mwenzake. Masele alikuwa chini ya kifusi.

Participatory planning, wahadhiri wetu walivyokuwa wakiimba. Wilaya ilisema kijiji kikae, kigawe ardhi yake chenyewe: hapa mashamba, hapa malisho, hapa ngitili ya kufungia nyasi za kiangazi. Tukakaa. Tukachora kwa jivu uwanjani, wenye ng'ombe na wenye majembe wakakaribia kukunjana mashati, lakini tukamaliza. Tangu Operesheni Vijiji ilipotubeba kama magunia na kutumwaga hapa, ndiyo mara ya kwanza tunaulizwa jambo. Kikabaki kilima cha dhahabu, ambako nusu ya kijiji inachimba kwa siri. Kukiandika machimbo ni kuwakabidhi wakubwa. Jilala akasimama, akasema kiandikwe makaburi, maana hakuna afisa atakayetaka kupima kaburi. Mkutano mzima ukapiga makofi. Bwana ardhi wa wilaya, mtu wa kuja, hakujua kwamba Msukuma anamzika mtu wake nyumbani, pembeni ya zizi.

Sasa amekuja kukagua mipaka na kuweka mhuri, na duara, shimo letu la dhahabu, limemfunika Masele jana. Watu walifukua mpaka alfajiri. Landrover ilipoonekana barabarani, Jilala akawaondoa wote.

— Anakagua, anaweka mhuri, anakwenda zake, — Jilala alisema. — Mchana tumerudi kilimani.

— Na Masele amekubali kusubiri?

— Msomi, usinianze. Nikipoteza kilima kile, watoto wako utawalisha hiyo digrii?

Fazal akasema kutoka mlangoni kwamba mkewe, Sherbanu, anapika pilau. Wamfungie mgeni ndani ya sahani. Redio akaona haitoshi. Yeye alitaka tumwambie kuwa tunachimba kaburi la mtemi, na kwamba watemi huzikwa kwenda chini kama kisima, kwa kamba na magogo. Jilala akaongeza kwamba mtemi azikwe na ng'ombe wake, ndipo ukubwa wa shimo ueleweke. Redio akauliza ng'ombe wangapi. Walikuwa wanabishana kweli, watu wazima na akili zao, kuhusu ng'ombe wa mtemi ambaye hayupo.

Mama Mbuke, mke wa Masele, akatokea upande wa kilimani, magoti yamejaa udongo mwekundu.

— Mwangaluka.

Tukaitikia, macho kwenye vikombe.

— Anagonga, — alisema. — Nimeweka sikio kwenye jiwe. Anagonga, anapumzika, anagonga.

Redio alizimika. Jilala ndiye aliyeinuka, na ninakiri kwamba kwa miaka yangu yote Mlimani sijasikia mpango mkavu namna ile.

— Mayu, twende sasa hivi. Wewe tangulia, unalia. Sisi nyuma na majembe. Ni makaburi, tunakwenda kuzika. Nani atatuzuia kuchimba?

— Nimlilie mtu anayegonga?

— Ni sauti tu, mayu.

— Kwetu kilio hakitolewi mtu akiwa hai, Jilala. Unajua.

Mama Mbuke akatazama kilima, akatutazama sisi, akakaa chini kwenye vumbi kufunga kanga kiunoni. Alifunga, akafungua, akafunga tena. Fazal akatoa majembe ya dukani, mapya, yana karatasi bado. Watu wakatoka majumbani na sururu begani. Kisha mama yule akaanza kulia, kwanza polepole kama anajaribu, halafu kweli kabisa, mpaka mbwa wakanyamaza.

Tulikuwa hatujapita hata kona ya duka bwana ardhi alipotoka kwenye nyumba ya wageni, ramani yetu imekunjwa kwapani. Kijana mstaarabu, shati limepigwa pasi. Alivua kofia, akatupisha, akawashika mikono wazee mmoja mmoja. Shikamoo, shikamoo. Akasema kazi ya mipaka itangoja, naye atatusindikiza mpaka makaburini. Akamgeukia Jilala.

— Poleni sana, mzee. Nani amefariki?

Jilala alifungua mdomo. Redio alikuwa anatazama jembe lake. Mimi, mwenye maneno ya lugha mbili na ya tatu ya kuombea maji, nikahamisha jembe bega la pili.

Mama Mbuke alikata kilio. Akageuka, uso umelowa, akasimama hivyo, anatusubiri tulitaje jina.