Saa Iliyonitoa Bwawani

Haya, maiki mmeshanipa, sasa msije mkanilaumu chakula kikipoa. Asalaam aleikum. Na ndugu zetu wa salamu nyingine, habari za mchana. Wageni wetu mliotoka Likunja na vumbi lote lile la njiani, karibuni Nachingwea, jisikieni mko kwenu. Mwenyekiti ametuwekea utaratibu kwamba kila mkutano wa kikundi chetu mmoja wetu asimame, aeleze alivyoanguka na alivyoinuka. Mara ya mwisho dada yetu alitueleza habari za ndoa yake, tukalia wote. Leo mimi nitaeleza habari za saa. Naona mnacheka. Chekeni tu, mimi mwenyewe sikuwa nacheka.

Najua wengi mnaniita Mama Saa, mnadhani naivaa kwa maringo. Maringo gani, jamani! Saa hii niliipata nikiwa mgonjwa.

Ilikuwa msimu wa ufuta. Tunapakia magunia kwenye gari, mimi nimesimama juu ya mzigo, dereva akaondoa gari bila hata kupiga honi. Nikaanguka chali. Nililala kitandani mpaka nikachoka kuhesabu mabati ya dari. Nilipoinuka nilitembea na fimbo, nimejikunja, na kuswali niliswalia kwenye kiti. Hospitali wakanipeleka kwa kijana anayefundisha mazoezi ya viungo. Akaniinamisha, akanigeuza, nikapiga kelele, kisha akasema, "Mama, dawa yako ni kuogelea."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi Mmwera wa Malolo. Maji ninayoyajua ni ya ndoo."

Hakucheka. Akasema mgongo wangu unataka mahali ambapo mwili unajisikia mwepesi, na nisipoulegeza mapema, fimbo ile nitazeeka nayo. Nilitoka pale nimechanganyikiwa. Mwanamke mzima, bibi wa watu, nikaanze kupiga mbizi!

Kuna nyumba ya wageni hapa mjini ina bwawa. Mwenye nyumba, Mungu amzidishie, huwaachia akina mama asubuhi, mlango ukafungwa, mwanamume hapiti. Na anayefundisha ni mwalimu wa michezo aliyestaafu, mwanamke mwenzetu, mkali kweli. Yupo pale nyuma, ananikodolea macho. Mimi namwita Mwalimu tu. Siku ya kwanza niliingia na suruali, fulana ya mikono mirefu na kilemba, nikashika ukingo wa bwawa nikakataa kuuachia. Mwalimu akasema, "Huo ukingo hautakwenda popote. Wewe je?" Nilikasirika. Nikauachia kwa hasira.

Nilipoanza kujua kuelea, mdogo wangu wa Dar es Salaam akaniletea saa hii. Haiogopi maji. Kwa chini ina kitaa cha kijani, kinamulika ngozi, nayo inasoma moyo unavyopiga. Ukigusa ukuta ukageuka, inahesabu. Ukitoka majini unafungua simu, unakuta kila kitu: umekwenda umbali gani, umepumzika wapi, moyo ulikwenda mbio saa ngapi. Ee bwana! Mimi ambaye shuleni nilikuwa nakimbia hesabu, nikawa nakaa jikoni nasoma namba zangu huku maharage yanaungua. Miaka ya mwanzo nilikwenda vizuri sana. Fimbo ikabaki ya kufukuzia kuku. Nikaweza tena kukaa chini kwenye mkeka, kitu nilichokuwa nimekikosa muda mrefu, na msimu wa korosho ulipofika nikasema, sasa nakwenda Malolo kwa mama tukabangue kama zamani. Nikakaa huko, tunakaanga, tunagonga, tunapiga soga. Nikarudi mjini kuogelea, nikarudi tena Malolo. Nilikuwa na furaha, nawaambia.

Basi asubuhi moja niko katikati ya bwawa, saa ikatetemeka mkononi. Nikajishikiza pembeni, nikaangalia. Picha ya moyo, nyekundu, na namba ambayo sijawahi kuiona. Papo hapo pumzi ikanipaa. Baba yangu, Mungu amrehemu, alianguka shambani anafunga gunia, wala hakupata kusema neno. Watu walisema ni moyo. Nilipoiona ile picha nilimwona baba, na lile gunia, na kamba bado iko mkononi mwake.

Nikatoka majini. Nikamwambia Mwalimu tumbo linauma.

Kesho yake ikatetemeka tena. Keshokutwa nipo nyumbani, nimekaa kimya, namba ikashuka chini mpaka nikajiuliza kama niko hai. Nikajibana shavu. Baadaye ikapanda nikiwa napepeta mchele tu. Hapo ndipo nilipoharibikiwa, ndugu zangu. Nikawa naitazama nikipika. Naitazama msibani, watu wanalia, mimi nimefunua mkono wa gauni. Nimo kwenye swala, jicho linakwenda kwenye mkono. Yarabi, nisamehe! Baba watoto akaniambia, "Mke wangu, hiyo saa unaiangalia kuliko unavyoniangalia mimi." Nikamjibu, "Wewe hutaniua." Akachukua kofia yake, akatoka.

Kumwambia mtu nilishindwa. Niliogopa hospitali kuliko nilivyoogopa kufa, sijui mnanielewa? Nilijua nikienda nitaambiwa ni ugonjwa ule ule wa baba. Nikaacha kina kirefu, nikawa nabaki upande wa watoto. Nikaacha na huko, nikawa nakwenda kukaa pembeni na miguu majini. Mwisho nikaacha kabisa. Na mgongo hausubiri mtu. Ukaanza kukaza, kidogo kidogo, mpaka fimbo ikarudi na kiti cha kuswalia kikarudi. Siku moja nilimwita binti yangu mkubwa, nikamwonyesha sanda yangu nilikoiweka. Mtoto alilia siku hiyo, jamani. Nikamkaripia eti analia nini.

Binti ndiye aliyekwenda kumwambia Mwalimu. Mwalimu akaja nyumbani, hakupiga hata hodi ya pili. Akanikuta nimelala na mkono kifuani.

"Unaumwa nini?"

"Moyo."

"Nani kasema?"

Nikamwonyesha saa. Akaitazama, akanitazama. "Umekwenda kupimwa?"

"Sijaenda."

"Kwa hiyo umeshajiandalia sanda kabla ya kupimwa?" Akanitupia ushungi wangu. "Vaa. Kama moyo mbovu tutaambiwa na wanaojua, utatibiwa. Kama mzima, kesho unaingia majini. Mimi sikukufundisha kuogelea uje ufe mkekani."

Mlangoni pa hospitali nilitoa shahada, wallahi. Wakanilaza, wakanibandika nyaya kifuani, miguuni, mikononi. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mgeni huku kwetu. Alisoma karatasi muda mrefu, nikaona huyu anatafuta maneno ya kunipoza. Akasema, "Mama, moyo wako unapiga vizuri. Tena vizuri sana kwa umri wako."

Mnadhani nilifurahi? Nilikasirika! Nikamwambia, "Sasa hii saa inanitukana?" Akaomba aione. Nikaivua. Akaushika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza kwenye mwanga.

"Mama, umeungua na nini hapa?"

"Sijaungua."

"Hapa pote peusi, pamebabuka."

"Aa, hiyo korosho tu."

"Korosho tu?"

Ninyi mnajua. Mkono wa kushoto unashika korosho, wa kulia unagonga, ganda linatema mafuta, mafuta yanababua. Ngozi inakuwa nyeusi, inabambuka, inaota nyingine, nayo inaungua. Nani huku kwetu anakwenda hospitali akasema nina kidonda cha korosho? Mikono ya mama yangu iko hivyo tangu nimezaliwa, hata sijawahi kuiona kama imeungua. Na kwa kuwa mkono ulikuwa unawasha, mkanda wa saa nilikuwa naulegeza, ikawa inachezacheza. Daktari akaniuliza hayo ya mkanda, nikamwambia. Akanivalisha saa mkono wa kulia, akaukaza mkanda, akaniacha nimekaa kidogo. Namba ya saa ikakaribiana na ya mashine. Akairudisha kushoto, juu ya yale magamba. Ikapanda, ikashuka, ikapanda. Kile kitaa kilikuwa kinamulika lile gamba jeusi la korosho, kinatafuta ngozi hakiioni.

Akanionya pia, na hili nalisema kwa sauti mlisikie. Alisema, "Usiseme sasa saa ni ya kupuuza. Ikikutisha, njoo upimwe. Ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, njoo hata kama saa imenyamaza."

Mngedhani hapo hofu iliisha. Haikuisha! Kesho yake nilisimama kwenye ngazi za bwawa, maji magotini, nimeshapimwa, nimeambiwa mzima, na nimeganda. Mwalimu akasimama pembeni, safari hii hakunikaripia. Akasema tu, "Nitatembea na wewe huku juu. Nenda mpaka ukutani."

Nikaenda. Mgongo mgumu, mikono mizito. Nikavuka upande wa watoto, nikafika pale ambapo mguu haugusi. Na palepale, mkono wa kulia, saa ikatetemeka.

Ndugu zangu, nawaambia, pale ndipo nilipojiona nilivyo. Nilitaka kuangalia kuliko nilivyotaka kupumua. Nikajiuliza, kifua kinabana? Hakibani. Kichwa kinazunguka? Hakizunguki. Pumzi unayo? Ninayo. Basi piga mkono. Nikapiga mkono. Nikapiga mwingine. Nalia ndani ya maji, machozi yanachanganyika na maji, nyayo za Mwalimu nazisikia juu, anatembea taratibu. Nikagusa ukuta.

Nilipoinua mkono, kioo kilikuwa kimeshazima. Sikukigusa. Mpaka leo sijui kilitaka kuniambia nini.

Basi ninashukuru. Namshukuru Mungu kwanza. Namshukuru Mwalimu, ambaye hajui kubembeleza na mimi nilikuwa nimechoka kubembelezwa. Namshukuru binti yangu kwa kwenda kunisemea. Yule daktari, kwa kuniuliza habari za mkono wangu. Mdogo wangu naye, maana saa bado naivaa, mkono wa kulia, na msimu wa korosho naiacha mjini mpaka mikono ipone. Na baba watoto, siku hizi namwangalia, mwulizeni.

Ninaloweza kuwaachia ni hili. Kitu kikikutisha, usikae nacho ndani peke yako ukakitafsiri kwa misiba ya kwenu. Mwambie mtu. Ukifika kwa daktari mwambie yote, hata lile unaloliona si lolote, hata korosho.

Hii hapa imetetemeka sasa hivi, mmeniona nimeshtuka. Moyo unanienda mbio, nausikia mwenyewe hata bila saa. Nimesimama mbele ya watu wote hawa, nimewaambia habari za sanda yangu. Acha uende mbio. Twendeni tukale.