Si Rangi, Bibi, Ni Gari

Mbele yangu kwenye basi walikaa bibi mmoja mkulima, anayefuata dawa zake za presha hospitali, na mwalimu kijana aliyepandia njiani. Bibi alikuwa akilalamika kwamba ameondoka nyumbani alfajiri na hili ni gari la tatu, wakati jirani yake Mzungu, ambaye mashamba yao yamepakana, hufika hospitali hiyohiyo kwa nusu saa.

"Hiyo si rangi, bibi, ni gari," mwalimu akamsahihisha, utadhani ana chaki mkononi.

"Haya, mjukuu wangu. Mwezi uliopita huyo jirani alinipa lifti. Tukashuka getini, askari akampigia yeye saluti. Mimi akaniuliza nauza nini."

Mwalimu akajikuna kidevu. "Labda ni kile kikapu, bibi. Nyinyi watu wa shamba hamtembei bila kikapu."

"Kikapu alikibeba yeye!"

Abiria wa nyuma akapaliwa na kicheko. Mimi nikajifanya nakohoa. Mwalimu alishainua kidole kutoa sababu nyingine, lakini basi likasimama na kondakta akaita, "Hospitali!" Bibi akashuka taratibu, akamwacha na kidole chake hewani.