Ukurasa Wenye Alama ya Bluu: Maisha ya Mwalimu Kifutio, 1958–2023

Ndugu, jamaa na marafiki, karatasi mliyoishika mkononi siyo ile iliyopitishwa na kikao cha familia siku ya Jumatano. Ile ilikuwa nzuri, ilikuwa fupi, na ilikuwa na uongo mmoja. Hii imeandikwa na kupigwa chapa na dada yake marehemu, ambaye ndiye anayeisoma. Alikuwa karani miaka thelathini na moja na hajawahi kubadilisha hati ya kikao hata nukta, ila hii. Anaomba asikatishwe. Akishamaliza, yuko tayari kumjibu yeyote.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa pili na kitinda mimba wa baba fundi cherehani na mama mkunga. Mama aliyekuwa amezalisha nusu ya mtaa alimfokea mkunga mwenzake kila hatua, na bado mtoto akatoka salama. Dada yake alikuwa na miaka minne. Alikabidhiwa mtoto ambebe, akaambiwa, "Huyu ni wako, mtunze." Maneno hayo anayakumbuka leo vizuri kuliko angependa.

Alianza kuchora kabla hajajua kuhesabu. Siku moja aliiba chaki ya baba na kuchora kuku kwenye mguu wa suruali ya mteja, kuku mwenye hasira, mbawa juu. Baba alipofunua kitambaa mbele ya mwenyewe nusura azimie. "Hii chaki yangu huyu mtoto anaila au anaifanyia nini?" Mteja alimtazama yule kuku, akacheka mpaka akakaa chini, akaomba asifutwe mpaka akamwonyeshe mkewe. Kuanzia siku hiyo marehemu aliamini kwamba picha inaweza kumfanya mtu mzima akae chini kwa kicheko, na hakuna aliyeweza kumtoa katika imani hiyo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, na sekondari kuanzia 1972 hadi 1975. Hesabu zilimpiga chenga, hilo tusifichane. Lakini mwalimu wa sayansi hakuthubutu kufundisha panzi wala moyo wa mwanadamu bila kumwita mbele achore ubaoni. Mwaka 1977 aliingia chuo cha ualimu, akahitimu sanaa za ufundi mwaka 1979, na tarehe 8 Januari 1980 akasimama mbele ya darasa lake la kwanza akiwa na shati la kuazima.

Mwaka 1988 alihamishiwa sekondari ambako dada yake alikuwa karani wa ofisi ya mkuu wa shule. Huko ndiko alikopewa jina la Kifutio, kwa sababu shati lake halikukosa vumbi la kifutio kuanzia kifuani hadi tumboni. Na huko ndiko alikoanzisha Ukuta wa Ijumaa. Wanafunzi walichora katuni za hadithi kwa penseli wiki nzima. Alhamisi yeye alizipitia kwa wino, ukurasa mmoja mmoja, akafuta penseli chini yake. Ijumaa asubuhi zilibandikwa kwenye ubao mrefu nje ya ofisi ya walimu, na shule nzima ikachelewa kuingia darasani.

Wengi waliuliza anayatoa wapi mawazo. Aliyatoa mfukoni. Alitembea na kidaftari, na popote alipokuwa alikitoa. Dada yake anavyo vyote na amevisoma. Kimoja kinasema: "Mtu ameinama kwenye ngazi kufunga kamba ya kiatu. Watu wanne nyuma yake wanasubiri, hakuna anayesema neno. Kila mmoja anawaza nini? Visanduku vinne." Kingine: "Mpishi wa shule anaonja uji mara tatu. Ya kwanza ni kazi. Ya tatu ni njaa. Ya pili je?" Na kingine, kilichoandikwa kikaoni: "Mwenyekiti akisema 'kwa kifupi', wote wanaegemea viti." Aliwafundisha wanafunzi kwamba wazo haliji kwa kuliita, linakuja kwa kukaa kimya na kutazama watu bila kuwadharau.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1986, na mkutubi wa maktaba ya mji. Walikutana kwa kosa. Alirudisha kitabu akiwa amemchora mkutubi huyo pembeni mwa ukurasa wa mwisho. Mkutubi hakutabasamu. "Kitabu cha watu hiki. Kaa hapo, futa." Akakaa, akafuta, na akafuta polepole sana, mchana kutwa, mpaka maktaba ikafungwa. Walijaliwa mabinti wawili. Wifi, hata wewe ulikuwa ukisimulia habari hii huku ukicheka, zamani.

Sasa tufike pale ambapo kikao kilitaka paandikwe kwamba marehemu "aliacha kazi kwa hiari yake mwaka 1998 ili kujiendeleza". Hakuacha. Alifukuzwa. Na kilichotokea ndicho hiki.

Mkuu wa shule wa wakati ule alitembea na funguo kiunoni, za kila mlango, hata wa stoo ya mafagio. Marehemu, kutuliza hasira zake mwenyewe, alichora ukurasa mmoja: bwana mwenye funguo anafunga kila mlango wa shule, mmoja baada ya mwingine, mpaka anajifungia chooni, na walimu wote wamekaa kikao nje kujadili kama wamfungulie. Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Kwenye kona akautia alama ya msalaba kwa penseli ya bluu. Kila mtu aliyefanya naye kazi aliijua alama hiyo. Dada yake aliijua kuliko wote, maana alikuwa amemweleza kwa mdomo wake: "Dada, wenye bluu hautoki nje ya mkoba."

Alhamisi, tarehe 11 Juni 1998, marehemu alikuwa kitandani na homa. Alimpa dada yake mkoba wa kurasa za wiki ili azibandike kesho yake. Na siku mbili kabla ya hapo, mkuu wa shule alikuwa amemwambia dada huyu mbele ya wageni wa bodi kwamba karani mzuri ni kama kabati, hufunguliwa na kufungwa, halina maoni. Wageni walicheka.

Ijumaa asubuhi dada alifungua mkoba. Aliuona ukurasa. Aliiona bluu. Hakukosea, hakupitiwa, hakuwa na haraka. Alikata kona ile kwa mkasi wa ofisi, akaubandika ukurasa katikati ya ubao kwa pini nne, akarudi mezani kwake, akakaa akisikiliza kicheko kikianza. Alifurahi. Lazima aseme hivyo, kwamba alifurahi kama nusu saa nzima.

Kikao cha nidhamu kilikaa Jumanne iliyofuata. Mwandishi wa kumbukumbu za kikao alikuwa karani wa ofisi, yaani dada. Mwenyekiti aliuliza, "Mwalimu, nani alibandika uchafu huu?" Marehemu, bado ana homa machoni, alimtazama dada yake upande wa pili wa meza. Dada aliinamisha kichwa kwenye karatasi. Alikuwa mjane wa mwaka mmoja, hana mwingine wa kumtegemea, na aliogopa. Kisha akasikia, "Mimi. Niliagiza mwenyewe ubandikwe." Na mkono wa dada ukaandika maneno hayo, kwa mwandiko safi, na mwisho akatia sahihi.

Alifukuzwa tarehe 3 Julai 1998. Walihama nyumba ya shule wakaingia chumba kimoja nyuma ya gereji. Miaka sita alipaka rangi mabango ya vinyozi na kuandika namba za magari. Mkewe aliibeba nyumba peke yake. Binti mkubwa alikaa nje ya masomo mwaka mzima. Na mkewe alimwambia maneno ambayo yeyote kati yetu angeyasema: "Umetupa maisha ya watoto kwa ajili ya kuchekesha watu." Hakujitetea. Aliahidi hatachora tena katuni ya mtu aliye hai, na akatimiza. Hata aliporudishwa kazini mwaka 2004, shule nyingine, alifundisha vivuli na vyungu mpaka alipostaafu mwaka 2018, na ukuta wa shule ile haukuwahi kuona kisanduku chake hata kimoja. Vidaftari viliendelea, lakini kwa maneno tu. "Wazo la katuni," aliandika, tena na tena, halafu haichorwi. Dada yake yeye alistaafu kwa heshima, akapewa saa ya ukutani, na mtu aliyempigia makofi kwa nguvu siku hiyo alikuwa marehemu.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alitibiwa kwa miezi tisa, akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mkewe hakukosa hata siku moja kitini pembeni yake. Jumapili, tarehe 7 Mei 2023, mkewe alitoka kwenda kuoga. Dada akabaki.

"Niruhusu nimwambie wifi," dada alisema.

"Umwambie nini?"

"Unajua."

"Ukimwambia sasa, atakukasirikia wewe. Mimi naondoka, dada. Nani atawapatanisha?"

"Lakini amekuona mpuuzi miaka ishirini na mitano."

"Amenipenda hivyo hivyo mpuuzi. Si haba." Akafumba macho. "Usiseme. Niahidi."

Dada hakuahidi. Alimrekebishia shuka. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 16 Mei 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Dada angeweza kunyamaza. Alijipanga kunyamaza. Lakini Jumatano, kikaoni, mjane alisema kwa sauti ya kuchoka, "Andikeni aliacha kwa hiari. Nilimpenda mume wangu, lakini alituchezea, na sitaki watu wacheke kaburini kwake." Kaka wa mjane akaongeza kwamba mambo ya zamani hayana haja. Wote wakaafiki. Karatasi ikasukumwa mbele ya dada aipige chapa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mkono mzuri. Ilikuwa mara ya pili katika maisha yake kuandika uongo juu ya mdogo wake mbele ya kikao, na mkono ulikataa.

Kwa hiyo, wifi, mume wako hakukuchezea. Aliuficha ukurasa ule. Aliuwekea alama. Aliyeutoa ni mimi, na yeye akanibeba mbele ya mwenyekiti, mbele yako, na mbele ya watoto wake, mpaka Jumanne ya wiki hii. Alinikataza kusema na nimemvunjia. Nimeona afadhali unichukie mimi niliye hai kuliko umzike yeye ukiwa bado una kinyongo naye.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, wanafunzi wasiohesabika, na dada mmoja, ambaye akishaikunja karatasi hii atakwenda kusimama mbele ya kiti cha mjane, na atasubiri hapo kwa muda wowote atakaoutaka mjane.

Apewe pumziko jema. Kosa halikuwa lake.