Chupa ya Jokofu Namba Mbili

Kamati Ndogo ya Muda ya Kuchunguza Chupa Moja Iliyokutwa Bila Kifuniko Katika Jokofu Namba Mbili ilimtaja marehemu mara nyingi kuliko cheti chake cha kuzaliwa, kwa hiyo familia imeona ianze nayo, ili wanaonong'ona kule nyuma wapate nafasi ya kusikiliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi iliyopakana na ua wao, hivyo hakuwahi kuchelewa wala kumsamehe aliyechelewa, akapata stashahada ya maabara mwaka 1980, na mwaka huohuo akaajiriwa katika maabara ya chuo, alikodumu hadi kustaafu.

Tarehe 4 Juni 1983 alifunga ndoa na mpima ardhi, mtu mpole, wakajaliwa binti na mvulana, na pamoja na mume akapata wifi, ambaye miaka kumi baadaye aliingia maabara ileile na shahada yake ya udaktari, akapewa chumba chenye dirisha, chumba ambacho marehemu alikuwa akikiomba kwa maandishi tangu binti yake hajaota meno.

Tusidanganyane mbele ya jeneza, marehemu alikuwa na wivu, alimwonea wifi yake wivu wa dirisha, wa hadubini, hata wa kicheko. Wifi alikuwa akizilisha seli nyeupe za damu, hao askari wa mwili, nyingine mafuta ya samaki, nyingine mafuta ya kuganda kama ya ng'ombe, akaona zilizokula ya kuganda zinawaka, zikimwaga kemikali za kuleta uvimbe, na zilizokula ya samaki zinatulia, matokeo yaliyompatia safari na picha ukutani. Lakini mafuta hayayeyuki majini, sharti yachanganywe kwanza na protini, na chupa ya protini ya kuchanganyia yale ya kuganda ikiingiwa na mabaki ya bakteria, seli huwaka kwa uchafu huo, mafuta yakasingiziwa bure.

Asubuhi moja ya mwaka 1996 marehemu aliikuta chupa hiyo haina kifuniko, akafika kwa mkuu wa maabara kabla hajatua mkoba. Wifi akamwambia, "Wifi, kama ni dirisha chukua, kazi yangu niachie," naye akajibu, "Dirisha lako lina jua kali, mwenzangu, mimi nataka chupa." Kamati, kwa kuwa hakuna mjumbe aliyejua kipimo chenyewe, ikamkabidhi mlalamikaji aipime, ikaliita jambo hilo uwazi, kisha ikatangaza tu kwamba suala limefungwa. Mwezi uliofuata wifi akahamisha meza yake, akamwachia chumba, na hapo ndipo ninyi wa kule nyuma mlipoanza kusema kwamba marehemu alificha uchafu wa ndugu.

Mwaka 2019 viungo vyake vilianza kuvimba, wifi akawa anamletea samaki kila wiki, naye akala mpaka mfupa huku akilalamika chumvi, hadi moyo ulipomshinda tarehe 2 Februari 2022, wifi akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari waliomvumilia alipowasahihisha, majirani walioleta viti, na wafanyakazi wenzake, pamoja na wajumbe wa kamati walio hai. Pumzika kwa amani, mama, dirisha ni lako.

Jioni ile ya kipimo alimwambia mumewe, "Dada yako hana kosa, na hilo ndilo linaloniuma." Aliipima chupa mara mbili akitamani iwe chafu, ikawa safi, naye akaandika safi.